Meno Sita ya Chini

Kibanda changu cha kuchorea kiko Migori mjini, kati ya fundi wa majeneza na jamaa wa picha za pasipoti, na sijui ni nani kati yetu watatu hudanganya zaidi. Fundi hupaka vanishi juu ya mbao mbichi. Jamaa wa pasipoti huwaambia watu watulie, halafu huwapiga picha wakipepesa macho. Mimi huchora nyuso kwa penseli, na miaka yote hii watu wameniuliza swali moja tu kwa maneno tofauti: unaweza kunichora nisifanane na mimi, lakini watu wajue ni mimi?

"Niweke mweupe kidogo." "Hii pua punguza." "Madam, hii kovu si lazima, ama?" Wanakuja na picha ambazo simu imeshazisugua mpaka ngozi haina kitundu hata kimoja, macho yamepanuliwa kama ya ndama. Picha za namna hiyo hunitia kichefuchefu. Nikikaa nazo asubuhi nzima, chakula cha mchana hakipiti.

Kufananisha uso si uchawi. Ni kupima. Napiga vyumba vidogo juu ya picha kwa rula, napiga vingine vikubwa juu ya karatasi, kisha nauhamisha uso chumba kwa chumba. Kutoka jicho hadi jicho. Kutoka ncha ya pua hadi mdomo wa juu. Ukikosea unene wa punje ya wimbi kwenye ukope, umemchora binamu yake. Na kila uso una upogo wake: jicho moja limeshuka, sikio moja limekaa nje, mdomo umevutwa upande. Upogo huo ndio mtu mwenyewe, ukiunyoosha anaondoka. Haya niliyajua vizuri. Nayasema mapema ili usije ukanihurumia baadaye ukidhani nilikosea kwa ujinga.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilisifiwa sana. Watu walikuwa wakisimama nje ya kibanda wakisema mkono wangu ni mashine. Nilianza kujisikia. Nilianza kurekebisha nyuso hata kabla ya kuombwa.

Asubuhi moja aliingia mwanamume wa makamo, mnene, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akaweka kipande, yaani kitambulisho, cha mama yake juu ya meza yangu. Mama alikuwa amefariki kisiwani Mfangano. Mwili ulikuwa mochari Homa Bay na mazishi yalikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Hii ndio picha tuko nayo peke yake," alisema. "Alikuwa hataki kamera kabisa. Na hii kipande inaenda kwa chifu kesho, wanasema ikienda hairudi."

Nilikipiga kile kipande kwa simu yangu mara tatu. Uso ulikuwa mdogo kama ukucha wa kidole gumba, mweusi na mweupe, umepigwa muhuri pembeni.

"Sasa angalia," akasema, "hapa ni kama amekasirikia serikali. Si umfanye acheke kidogo?"

Nikamwambia hilo si tatizo. Nilimwambia kwa ile sauti ya mtu anayejua kazi yake, na leo nikiikumbuka sauti hiyo natamani kujizaba kofi.

Kutoka puani kwenda juu nilimpata upesi. Paji pana, kope nzito, jicho la kushoto limeshuka kidogo. Shida ilikuwa chini. Mdomo wa chini ulikuwa umezama ndani na kidevu kimetokeza mbele, kana kwamba mtu alibonyeza hapo kwa kidole udongo ungali mbichi. Nilipima mara mbili na vipimo vikasema vilevile. Nikasema ni mwanga wa kamera ya serikali. Nikauinua ule mdomo, nikaujaza, nikakirudisha kidevu nyuma. Halafu nikatafuta meno ya kumchekesha, nikayatoa kwenye picha ya bibi harusi niliyekuwa nimemchora mwezi uliotangulia: ya juu yote na sita ya mbele ya chini, yamepangana kama mahindi kwenye gunzi.

Siku mbili nzima nilizitumia kwenye meno peke yake. Watu hawajui kwamba jino halichorwi. Unaiacha karatasi nyeupe ilivyo, unachora giza lililo kando yake. Ukipiga mstari kati ya jino na jino, mtu anakuwa na kinywa cha farasi. Meno ya yule mama yalitoka laini, yanang'aa, mpaka fundi wa majeneza aliacha randa akaja kuyaangalia.

Mwana aliupenda mchoro mno. Akasema ni lazima nije mazishini, watu wanione. Nami nilitaka kuonekana, nisijifanye. Hakuna kitu nilichokipenda wakati ule kama kusimama nyuma ya watu na kusikia wakisema, ni yeye kabisa.

Nilifika Mfangano kwa boti ya asubuhi kutoka Mbita, maji yenye magamba ya samaki yakinilowesha viatu. Kwenye ile boma kulikuwa na mahema, viti vya plastiki na spika zinazopiga mluzi. Na kulikuwa na kitu ambacho mwana hakuniambia: alikuwa ameupiga picha mchoro wangu akauchapisha kwenye fulana nyeupe. Kila nilikogeuka, meno yale yalikuwa yakinichekea kutoka vifuani mwa watu. Kwenye matumbo makubwa yalikuwa yametanuka. Mwanamke mmoja alikuwa akimnyonyesha mtoto chini ya fulana yake, na meno yale yakawa yanapanda na kushuka kwa pumzi za mtoto. Hapo ndipo nilipohisi mate machungu ya kwanza, nikajiambia ni boti.

Mchoro wenyewe ulikuwa kwenye fremu, umesimamishwa juu ya stuli kando ya jeneza. Watu walipita, wakaangalia, wakasema, "Wah, mama ametoka smart." Sikusikia hata mmoja akisema ni yeye. Nilisikia smart tu, nikajitosheleza nayo.

Kisha akaja mzee mmoja wa kike, mwembamba, anatembea na fimbo, na watu wakampisha. Alikuwa mke wa kwanza wa boma ile. Marehemu alikuwa wa pili, yaani nyieka wake, mke mwenza. Mume wao alikuwa ameondoka zamani na hao wawili walikuwa wamebaki pamoja, jiko moja, mtumbwi mmoja, ugomvi mmoja mrefu wa miaka, kama walivyosema waliosimama karibu nami. Aliinama mbele ya fremu.

"Hii ni nani?" akauliza.

Mwana akaja haraka. "Mama, ni yeye. Ni nyieka wako."

"Hapana. Hii meno ni ya nani?"

Aliuliza kwa Kiswahili kwa sababu aliniangalia mimi. Nadhani alishaambiwa mchoraji ni yule msichana wa Migori. Baba yangu ni Mkuria wa upande wa Isebania na mama yangu ni Mjaluo. Nyumbani walielewana kwa Kiswahili, nami nikalelewa nacho, Kijaluo changu ni cha sokoni. Kiswahili chake yeye kilikuwa cha kuuzia omena, wale dagaa wa ziwani, kwa wafanyabiashara wa Tanzania.

Kijana mmoja mwenye fulana akamwambia yule bibi, "Shosho, si tumemwekea mpya, huko mbinguni ni kutafuna tu!" Watu wakacheka. Na walipocheka niliwaangalia wanawake wazee waliokaa kwenye mkeka kando ya jeneza, mmoja mmoja. Midomo ya chini imezama. Videvu vimetokeza. Pengo jeusi chini, meno sita ya mbele hayapo.

Wajaluo wa umri wao waling'olewa meno hayo utotoni. Ilikuwa ndiyo desturi, ndiyo alama ya kukua, na mtoto aliyekimbia alichekwa mpaka uzee. Si siri. Kila mtu wa pande hizi anajua, hata mtoto wa nasari. Kile kipande hakikuwa na mwanga mbaya. Vipimo vyangu vilikuwa sawa, na mimi ndiye niliyevipuuza.

Yule mke wa kwanza hakucheka. "Kipande mmepeleka kwa chifu," alimwambia mwana, polepole. "Yeye mwenyewe mnaweka kwa mchanga leo. Mimi nikianza kusahau uso yake, nitauliza nani?"

Akageuza kiti chake cha plastiki, akakaa akiipa fremu mgongo mpaka mazishi yakaisha. Mimi niliondoka kabla ya chakula.

Kwa wiki kadhaa nilisimulia kisa hiki pale kibandani, na katika simulizi yangu mwenye makosa alikuwa mwana. Nilimwigiza sauti na tumbo. Nilisema tajiri yule alimwonea mama yake haya, akataka kumzika na mdomo wa kuazima. Jamaa wa pasipoti alicheka hadi akalia. Nilikisimulia vizuri mno, na nyani haoni kundule. Siku moja, katikati ya kusimulia, nilijisikia nikisema, "Akaniambia nimwekee meno," nikanyamaza. Hakuniambia. Alisema acheke kidogo. Mama yake alikuwa akicheka maisha yake yote bila meno yale, na mwana huyo ndiye aliyekuwa akichekewa. Meno niliyaleta mimi, kwa sababu kinywa kile kilinitia kinyaa.

Kinywa cha namna ile nilikijua tangu zamani. Nilipokuwa na miaka minane, dani, mama yake mama yangu, alikuja kukaa nasi. Tulikula sahani moja. Alikuwa hodari wa samaki: anaingiza kipande chote mdomoni, kisha ulimi wake unachungulia kwenye lile pengo la chini, unasukuma mwiba nje, mweupe, umelowa mate, halafu mwingine, halafu mwingine. Sikuweza kuangalia na sikuweza kuacha kuangalia. Ule ulimi ulikuwa wa kijivu kidogo nchani. Siku moja mwiba mmoja ulidondoka kwenye ugali upande wangu. Nikasema kwa Kiswahili, nikidhani hasikii, "Mimi siwezi kula na huyu. Mdomo wake unanitapisha."

Alisikia. Alichukua kipande chake cha ugali akatoka, akaenda kula nyuma ya jiko, na tangu siku ile hakula tena nasi mezani. Mama alinichapa, lakini kiboko hakikumrudisha. Alikufa mwaka uliofuata. Hatuna picha yake hata moja.

Basi ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa nikiwacheka wanaokuja kuomba weupe na pua nyembamba, na kumbe mimi nilimfanyia maiti wa watu kitu ambacho yeye hakuomba, na nikaenda kusubiri sifa kando ya jeneza lake. Nilijichukia. Kwa siku mbili sikufungua kibanda. Siku ya tatu nilitafuta kwenye simu zile picha tatu za kipande, nikazikuta bado zipo, nikafunga karatasi na penseli, nikarudi Mfangano.

Nilimkuta yule mama nyumbani kwake akichambua omena juu ya wavu. Alinitambua.

"Umeleta meno ingine?" akauliza.

"Nimekuja kurekebisha, mama."

"Yeye ameshalala. Utarekebisha nini?"

Lakini alisimama, akaniingiza ndani. Mwana alikuwa ameuning'iniza mchoro ukutani, juu ya kiti cha wageni, na yule mama alikuwa ameufunika kwa leso. "Siwezi kula na mtu sijui ananichekea," alisema. Nilimwonyesha picha kwenye simu, nikaikuza. Akaishika ile simu kwa mikono miwili, mikono yenye magamba, akaileta karibu na macho mpaka ikagusa pua. Alikuwa akiona kwa shida, jicho moja lilikuwa limeshaingia ukungu.

"Ndio huyu," alisema. "Lakini hii ni ndogo. Na hapa hajafungua mdomo. Yeye alikuwa hafungi."

Nilichora hapo hapo, kwenye kibao juu ya magoti. Paji, kope, jicho la kushoto. Nilipofika chini nikasita. Yeye akaelewa kabla sijasema. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akaingiza kidole chenye uvundo wa omena akavuta mdomo wake wa chini mpaka ufizi wote ukaonekana, mwekundu, mtupu, na mate yamekusanyika.

Sitaki kudanganya. Nilikuwa nimesafiri kwa ajili ya kitu kile, na kilipofunguliwa mbele yangu, kinyaa kilinirudia kama nilipokuwa na miaka minane. Nilitazama karatasi.

"Unaona mbaya?" akauliza, kidole bado kikiwa mdomoni.

"Ndio, mama."

Alicheka, akautoa mkono, akaupangusa kwenye nguo. "Hata sisi tuliona mbaya. Tulitolewa asubuhi moja, mimi na yeye. Yeye ni mtoto wa mama mdogo wangu, mimi ndiye nilimleta kwa hii boma, nikakuta nimejiletea kelele. Hiyo asubuhi mimi nililia. Yeye hakulia. Alinishika kichwa hivi, damu yake ikanimwagikia kwa macho." Akaonyesha karatasi kwa kidevu. "Uchore vile alikuwa anacheka. Ulimi ilikuwa inatoka hapa, kwa pengo. Kidogo tu. Kama panya anaangalia kama paka ameenda. Nilikuwa namwambia, wewe, rudisha ulimi, wageni wanaona. Anaitoa zaidi."

Akafungua kinywa tena ili nimtazame. Nilianza na penseli laini. Pengo halina kazi kubwa, ni giza, na giza ndilo nililokuwa nikichora siku zote kando ya meno. Niliuzamisha mdomo mahali pake, nikakitoa kidevu, kama vipimo vilivyosema tangu siku ya kwanza. Kisha ulimi. Ncha ya mviringo, kijivu kidogo, mng'ao mdogo wa mate upande mmoja.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "mdomo imechoka na wewe huniangalii."

Ilikuwa kweli. Sikuwa nimeinua macho tangu nilipoanza ulimi.

"Funga tu, mama. Nimeshauona."

"Umeuona wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, sahani, mwiba, na nyuma ya jiko, nikiwa bado nasugua kivuli kwa kidole ili nisimtazame. Alisikiliza bila kusema pole, na hakusema nilikuwa mtoto, jambo ambalo watu wote huniambia. Alipoona mkono wangu umesimama, alichukua karatasi akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akaileta karibu na lile jicho lake zima. Akaweka kiganja juu ya nusu ya chini. Akakitoa. Akakiweka tena, akakitoa. Kisha akaanza kuongea nayo Kijaluo kwa hasira, haraka mno, nami kwa Kijaluo changu cha sokoni niliambulia kitu kuhusu mbuzi, na kuhusu funguo, na kwamba aliachiwa kila kitu peke yake.

Alipomaliza kugomba aliivuta ile leso na fremu yake pamoja, akaviweka sakafuni, uso chini. Akaiegemeza karatasi yangu ukutani juu ya meza, ikitutazama. Akatoka nje, akarudi na ugali na samaki mmoja mzima wa kukaangwa, kwenye sahani moja. Akaketi. Hakuniambia nikaribie, akasogeza tu sahani katikati.

Alimega, akatia mdomoni, na baada ya muda ulimi ukachungulia kwenye pengo, ukasukuma mwiba nje. Mwiba ukaanguka upande wangu. Kinyaa kilinipanda hadi kooni, kilekile, hakikupungua hata chembe. Yeye alikuwa akiutazama mkono wangu. Nikameza, nikaupeleka mkono kwenye sahani.